Josho la Bangi za Zandisile

Kaka yangu Zandisile alitaka ng'ombe tangu anajifunza kutembea. Watoto wengine walitaka pipi. Yeye alikaa mlangoni mwa zizi la baba yetu kule Centane, kamasi mpaka kidevuni, anaangalia ng'ombe wanavyotafuna, na ukimwita kula anakwambia subiri, hawajamaliza.

Miaka ishirini na sita amechimba dhahabu Welkom. Alichopata alituma nyumbani wanunuliwe ng'ombe, na kila aliyenunuliwa alikufa. Ukame, kupe, mwizi, shemeji. Aliporudi alikuwa na kifua kinachokoroma kama birika, magoti mawili mabovu, na hana hata ndama. Nyumba yake iko hapa Mdantsane, vyumba vinne na gereji. Gari hana, hajawahi kuwa nalo, kuendesha hajui. Gereji anayo. Ndo mambo yalipoanzia.

Mi nilikuja kukaa kwake mume wangu alipokufa na ndugu zake wakaanza kuniangalia kama kiti kilichosahauliwa. Nikafunga mzigo, nikarudi kwetu. Mke wa Zandisile alikuwa ameshatangulia, maskini, nadhani kwa kuchoka. Nyumba ilikuwa na Zandisile, mwanawe mmoja Lwandile anayeondoka na giza kwenda kiwanda cha magari na kurudi na giza, na mke wa Lwandile, ambaye nitamfikia.

Sasa mahakama ya kwetu hapa Afrika Kusini ilivyosema mtu mzima alime bangi yake kwake na avute kwake, wazee wastaafu wa mtaa huu wakafufuka. Watu waliokuwa wanangoja kufa kwa adabu wakaanza kuvaa kofia nzuri na kukutana Jumamosi. Wanne, Zandisile akiwemo. Kiongozi wao Mthetheleli, alikuwa karani wa posta, na walimfanya mwalimu kwa sababu ana miwani na simu kubwa. Huyo Mthetheleli ndo aliyewafundisha kulima bangi bila udongo.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bila udongo. Lakini nikaona kwa macho yangu: ndoo zenye vifuniko, kwenye kifuniko tundu, kwenye tundu kikombe cha vikokoto, na mche umekaa humo mizizi inaning'inia kwenye maji. Maji yanatoka kwenye pipa, pampu inayasukuma yanazunguka ndoo zote na kurudi pipani, na ndani ya pipa unatia chakula cha chupa, tone kwa tone. Juu taa za zambarau kama baa ya malaya, pembeni feni, na hita. Mche umekaa pale kama mgonjwa aliyetundikiwa dripu. Zandisile alitia pensheni yake yote humo akaniambia, dada, huu ndo ukulima wa kisasa. Nikamwambia hospitali nayo ni ya kisasa, mbona hukupenda kulazwa.

Angeishia hapo ningemsamehe. Hakuishia. Mtu aliyekosa ng'ombe maisha yake yote, ukimpa chumba chenye mlango na viumbe hai ndani, atakifanya nini? Akakifanya zizi.

Nasema kweli tupu. Alitundika pembe juu ya mlango wa gereji. Akachinja mbuzi mle ndani, juu ya sakafu ya saruji, kulifungua zizi rasmi. Nyama ikatandazwa juu ya matawi mabichi ya mzeituni mwitu, kama inavyotakiwa, na matawi yalipobaki akayapanga ukutani yawe kama ua. Akazungumza na wazee waliolala makaburini, majina yote, mpaka wengine nadhani walishangaa kuitiwa gerejini. Miche akaipa majina ya ng'ombe: Madoa, Pembe Moja, Mama wa Maziwa. Na akatoa sheria, sheria ileile ya zizi la baba: mwanamke aliyeolewa katika ukoo haingii. Mi naingia, mimi ni binti wa ukoo wa Gcina, MamGcina, hata nikizeeka mpaka nitambae. Mke wa mwanawe haingii. Akikanyaga mle, wazee watakasirika na ng'ombe watakufa.

Ng'ombe gani, nikamuuliza. Akaniangalia kama mimi ndo mwendawazimu.

Huyo mke wa mwanawe ni Nokwakha, maana yake mama wa kujenga. Jina la kwao analo, sisi tulimpa hilo siku alipoletwa, na mimi ndo niliyelichagua, maana niliona mikono yake. Katoka Lusikisiki. Mama yake alilima bangi kilimani juu ya mto tangu zamani, wakati kulima kulikuwa jela, na watoto sita walisoma kwa majani hayo, wakavaa viatu kwa majani hayo, na baba yao akazikwa ndani ya jeneza zuri lililotoka kwenye majani hayo hayo. Askari walikuja, walifyeka, walichoma, mama akapanda tena. Mbegu moja ileile, ya bibi yake. Bangi fupi, majani membamba, harufu kama ganda la chungwa ukilikunjia puani.

Mama yule alikufa. Na huko kwao sasa wamekuja watu na mbegu za pakiti, kila shamba limechanganyika, hakuna tena wa kukuonyesha ile ya zamani. Iliyobaki ilikuwa ndani ya kopo la ugoro la mama yake, mbegu kumi na moja, na Nokwakha alikuja nalo kwenye ndoa kama wengine wanavyokuja na sufuria. Hakuwa na pa kuzipanda. Uani kwetu ukipanda kitu cha kuvutika, kabla hakijafika magotini kimeshavutwa. Mbegu zinazeeka kama watu. Basi Zandisile aliposikia akasema zilete, nitazipanda zizini. Nokwakha akanipa mimi kopo, mi nikampa kaka, maana mkwe hampi baba mkwe kitu mkono kwa mkono. Zikaota tano. Mbili zikafa changa. Zikabaki tatu, hao Madoa na wenziwe, na kopo likabaki tupu.

Umeelewa hapo. Ukoo mzima wa bangi ya mama yake ulikuwa miche mitatu, ndani ya chumba asichoruhusiwa kuingia.

Ikapita kama wiki tatu baada ya mbuzi. Nikamsikia Zandisile kifua kinakoroma kuliko kawaida, maana akifikiri huwa hivyo. Majani yalikuwa yameanza vidoa, vidogo, vyeupe, kama mtu aliyetoboatoboa kwa sindano. Akasema wana njaa. Akaongeza chakula kwenye pipa. Baada ya siku nne ncha za majani zikaungua, zikawa kahawia, na majani yakajikunja chini kama kucha za mwewe. Akasema bado wana njaa.

Nokwakha alikuwa anasikia haya yote jikoni, anakoroga uji. Akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini kama jani lina vidoa juu, chini yake kukoje. Nikamwambia chini ya jani kuna hewa. Akasema, "Shangazi, tafadhali, ligeuze uangalie."

Nikaenda. Sasa, jicho langu la kushoto lina mtoto wa jicho na la kulia lina kiburi, linaona linachotaka. Nikageuza jani, nikaona jani. Nikarudi nikamwambia pako safi. Akauliza hakuna utando, kama wa buibui, mwembamba. Nikasema buibui wako kila mahali humo, baba mkwe wako hafagii. Nilimuona alivyoshika mwiko.

Jumamosi wakaja wazee wa kofia. Mthetheleli akaingia zizini, akapiga picha majani, akauliza simu yake, simu ikamjibu anavyopenda. Akatoka akasema ni baridi. Julai hii, saruji hii, miche ya joto, unategemea nini. Ongeza hita. Zandisile akaongeza hita mpaka gereji ikawa jiko la mkate. Na wale wengine wawili wakaitikia kwa vichwa kama wanajua. Hawa ndo watu walioogopwa na watoto wao miaka arobaini.

Kwenye joto lile vile vidoa vikatambaa mmea mzima. Majani ya chini yakawa ya shaba, yakaanza kudondoka. Nokwakha akaomba kupitia kwangu aruhusiwe kuangalia kutoka mlangoni tu, mguu usivuke. Zandisile akasema mlango wa zizi nao ni zizi. Akaomba basi aletewe jani moja. Zandisile akasema ng'ombe hakatwi sikio akapelekwa jikoni. Nikamwambia we mtu umeota kichaa. Akasema, "Dada, nyumba hii ina baba mmoja."

Kweli. Na yule mmoja ndo huyo.

Halafu akaja na lile lililomaliza mambo. Aliamua wazee waliolala wamekasirika. Hawajapewa kinywaji. Mbuzi walikula, lakini pombe zizini hawakumwagiwa. Akaniomba nipike pombe ya mtama, nikapika, mi napenda kupika pombe, nilidhani na mimi nitakunywa. Akachukua kibuyu kizima akajifungia nacho. Alikoipeleka nilikuja kujua baadaye, lakini nakwambia sasa hivi usije ukahangaika. Zizi la baba lilikuwa la udongo. Pombe unaimwaga chini, ardhi inainywa, wazee wanaipata. Gereji ni saruji. Ukimwaga saruji inatiririka mpaka mlangoni inakurudia kwenye viatu. Zandisile akasimama na kibuyu chake, akatafuta mahali panaponyonya. Akafikiri. Mtu anayefikiri wakati hajazoea ni hatari. Mizizi iko majini, akasema, basi maji ndo udongo wake. Akafungua pipa akawapa wazee kibuyu chote.

Pampu ikazungusha pombe ndoo zote.

Siku ya tatu harufu ilikuja mpaka kwenye sahani zetu. Harufu ya chachu na kitu kilichooza, kama soksi za mchimbaji. Vijinzi vidogo vyeusi vikaanza kuruka mle ndani, vinakuingia puani ukiomba dua. Miche ikalegea, inaning'inia mchana kutwa kama imesikia habari mbaya. Zandisile alikaa mlangoni kwenye kigoda, mikono kwenye magoti. Kifua kinakoroma. Hapo nilimuonea huruma kidogo, kama dakika moja.

Nokwakha alikuwa anafua uani. Aliposikia ile harufu akasimama. Alinijia mikono inatiririka povu, na mtu huyu hajawahi kuniinulia sauti, akaniambia, "Shangazi, mama yangu anakufa mara ya pili na mi nipo nje namsikia."

Niliingia chumbani nikachukua kitu cheupe cha kwanza nilichokiona, kola yangu ya kanisani, ile ya umoja wa akina mama, imepigwa pasi kwa ajili ya kesho. Nikampita Zandisile mlangoni, akauliza naenda wapi, nikamwambia zizini kwa baba yangu. Nikashika jani la Madoa, nikalipangusa kwa chini na kola. Nikatoka nayo juani.

Hata jicho langu la kiburi liliona. Michirizi myekundu, kama umeua mbu mia. Na mingine ilikuwa inatembea.

Nikampa Nokwakha kola. Hakuwa na haja ya kuisogeza karibu. "Utitiri," akasema. "Mwekundu. Huu unakuja na matawi ya porini, shangazi. Unapenda joto na ukavu. Baba amewawashia hita." Akanusa hewa. "Na mizizi nayo imeoza. Wamepewa nini?"

Zandisile alikuwa amekaa hatua mbili kutoka hapo. Lakini mkwe hamhoji baba mkwe uso kwa uso, na baba mkwe hajibu. Basi ikawa hivi: Nokwakha ananiuliza mimi, mi namgeukia kaka namuuliza yeye, yeye anajibu akitazama uzio, mi namgeukia Nokwakha namrudishia jibu alilokwisha kulisikia. Nikauliza, amewapa nini. Akatazama uzio kwa muda mrefu sana. Akasema, pombe. Nikamwambia Nokwakha, pombe. Nokwakha akasema, kiasi gani. Nikasema, kiasi gani. Akasema, kibuyu. Nikauliza kipi. Akasema kile kikubwa.

Nikamtukana. Siyaandiki, kwa sababu baadhi yalimgusa mama yetu.

Nilipomaliza Nokwakha akasema anajua la kufanya, mama yake alifanya kila mwaka wa ukame. Lakini lazima aishike miche mwenyewe. Kwa mikono ya mtu mwingine haitafaa. Itavunjika.

Zandisile akatikisa kichwa. Alikuwa anataka, unaona anataka, lakini amejijengea zizi na amefungiwa ndani yake. Akasema sheria hakuitunga yeye.

Hapo wazee wa kofia walikuwa wanaingia getini, maana ilikuwa Jumamosi. Nikaona vizuri, acha wasikie. Nikavuta ndoo nikakaa mbele ya kaka yangu.

"Gcina," nikamwambia, na huwa simwiti jina la ukoo isipokuwa kwenye msiba. "Ng'ombe wa baba walipojaa kupe, baba alifanyaje?"

"Aliwapeleka josho."

"Josho lilikuwa ndani ya zizi?"

Akakuna goti.

"Nimekuuliza. Lilikuwa ndani ya zizi?"

"Lilikuwa kule chini barabarani."

"Na wake wa ukoo walipita barabarani, hawakupita?"

"Walipita."

"Na ng'ombe akitoka josho, wazee walikasirika?"

Mthetheleli akaanza kusema kitu kuhusu simu yake. Nikamwambia we karani, kalale. Zandisile alitazama ile pembe mlangoni. Akatazama magoti yake. Halafu akasimama, akavuta suruali juu, na akatangaza, kama vile wazo limemjia yeye mwenyewe sasa hivi kutoka mbinguni, kwamba ng'ombe wanaweza kwenda josho.

Wanaume wanne waliobeba miche mitatu kutoka gereji mpaka bombani, hatua kumi na tano, ungedhani wanabeba jeneza la mfalme. Nokwakha alikuwa ameshajaza beseni kubwa la bati, maji ya baridi, sabuni ya kipande ya kijani ameikwangua humo mpaka povu. Akafunika vikokoto na kitambaa, akashika shina pale chini kwa vidole vya mkono mmoja, akaugeuza mche kichwa chini miguu juu, akauzamisha wote. Hesabu polepole mpaka ishirini. Akautoa, akautikisa, akauzamisha tena. Juu ya povu kulikuwa na vumbi jekundu linaogelea. Zandisile alisogea kuangalia, akaona, akarudi nyuma. Halafu akasogea tena.

Akasuuza kwa maji safi. Akachuma majani yote mabovu ya chini bila huruma, akaniambia niyachome, na matawi ya mzeituni yote ukutani yachomwe, na hita izimwe, na mle ndani pasuguliwe kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe mpaka pembe zenyewe zilie. Nikamgeukia kaka nimpelekee ujumbe. Nikakuta ameshaingia, anayatoa matawi.

Mizizi sasa. Mizizi mizima huwa myeupe kama tambi. Hii ilikuwa kahawia, inateleza, ukiishika inabaki mkononi. Nokwakha alikata kwa kisu cha jikoni alichokichoma motoni kwanza, akakata mpaka ukifikiri amemaliza anakata tena. Mama wa Maziwa hakuwa na mzizi wowote mzima. Akauweka pembeni, akaufunika na gunia. Hakuna aliyesema kitu, hata Mthetheleli, na hilo ni jambo la kuandikwa.

Wawili waliobaki, Madoa na Pembe Moja, Nokwakha akawachimbia shimo nyuma ya choo, kwenye kile kipande tunachopandaga viazi. Udongo. Samadi ya kuku. Akawaogesha tena baada ya siku tatu, na tena baada ya siku tatu, maana mayai ya utitiri hayasikii sabuni, unasubiri yaanguliwe ndo unaua watoto. Hayo maneno ni yake. Baridi ikija jioni anawafunika kwa pipa, asubuhi anafunua. Na mi ndo nilikuwa mlinzi. Nilihamishia kiti changu nyuma ya choo miezi saba, na fimbo, na kila mtu mtaa huu alijua akiusogelea ule uzio atarudi kwao na alama.

Septemba wakachangamka. Desemba walikuwa wananifika kifuani. Ikaonekana Madoa ni jike na Pembe Moja ni dume. Mthetheleli akaja na kofia yake, akatazama, akasema dume ang'olewe upesi, atajaza jike mbegu, na bangi yenye mbegu hata mgonjwa haitaki, katika chama chetu dume anang'olewa siku anayoonekana. Akainama tayari kumshika. Nokwakha alikuwa amesimama pale na ndoo ya maji, akaiweka chini. Mi nikaishika fimbo vizuri.

Zandisile ndo aliyesema. "Muache, Mthetheleli. Zizi lisilo na fahali ni banda la kuku."

Mthetheleli akasema hapa si zizi, hapa ni nyuma ya choo. Zandisile akamwambia aende akaiulize simu yake. Toka siku ile chama kina watu watatu, na hita wameinunua wao.

Sitaki ufikiri nimemsamehe. Mtu aliyewanywesha wazee wa ukoo kwenye pipa la bangi, na kumzuia mtoto wa watu mlangoni wakati mali ya mama yake inaoza, neno moja zuri halimfuti. Aprili ilipofika Nokwakha akamkausha Madoa chini ya paa, akampukuchua juu ya shuka. Mbegu nzuri, kahawia, zenye michirizi kama mayai ya kware. Zilijaza kopo la ugoro na zikabaki. Zandisile alinijia jikoni akaniomba nimwombee chache. Nikamwambia mdomo unao, mi si pampu.

Siku mbili alizunguka. Siku ya tatu akaenda akasimama nje, karibu na kamba ya nguo, akatazama anga, akasema pengine zingebaki kidogo zingefaa. Alisema na anga, lakini anga lilikuwa linaanika shuka. Nokwakha naye akajibu kwa shuka. "Hizi zinaanza kwa mama, baba. Zikishaota kule, nitaleta za hapa. Na za hapa zitakaa kwenye udongo."

Zandisile akasema, "Udongo." Akakubali kwa kichwa. Akarudi ndani.

Oktoba, kabla ya mvua kushika, Nokwakha alipanda basi la Lusikisiki na kopo limefungwa ndani ya kitambaa, ndani ya sidiria, mahali ambapo hata mwizi wa stendi ya Mthatha angeona aibu. Alisema wiki mbili. Zikapita tatu. Lwandile akawa anakula mkate mkavu na kunitazama kama mimi ndo nimemfukuza. Zandisile alizima zile taa za zambarau. Alikuwa anakaa gerejini kwenye kigoda, ndoo tupu zimemzunguka, na siku moja akaniuliza kama nadhani mke wa mwanawe atarudi.

Nikamwambia ningekuwa mimi nisingerudi.

Akasema najua, dada, we usingerudi.

Alirudi Jumanne, mchana, anatembea kutoka kituoni na gunia la viazi vitamu kichwani. Ameungua jua, amekonda, kucha nyeusi kwa udongo. Akalitua gunia mlangoni, akanisalimu mimi kwanza kama inavyotakiwa. Zandisile akatoka gerejini. Akasimama pale uani, kofia mkononi, na safari hii hakuutazama uzio, hakulitazama anga.

"Zimeota?" akamuuliza.

Nokwakha akainamisha macho kwa heshima, lakini alikuwa anacheka. "Zimeota, baba. Mpaka kwenye njia ya mbuzi zimeota."

Zandisile akaitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko inavyohitajika. Kisha akainama na yale magoti yake mabovu, akalibeba gunia la viazi yeye mwenyewe mpaka jikoni, na alivyolibwaga akavunja sahani zangu mbili.